Maji mawili ya chomboni: kuishi kwenye boti ya tanga kati ya Mafia na Pemba

Anayelala chomboni kati ya Mafia, Unguja na Pemba anaishi na maji ya aina mbili. Kuna ya bahari, yanayojaa na kupwa mara mbili kwa siku, nayo ndiyo humpangia saa ya kuingia, saa ya kutoka na mahali pa kulala. Kuna na ya kwenye tangi na madumu, ambayo yanapungua tu mpaka mtu ashuke kisiwani kuyatafuta. Wageni wa bahari huuliza sana habari za upepo. Upepo ukikosekana utausubiri, ukizidi utapunguza tanga. Lakini ukikosea hesabu ya maji, ya bahari yatakuacha juu ya mwamba, na ya tangi yatakurudisha bandarini safari ikiwa nusu.

Boti tunayoifikiria hapa ina urefu wa mita 10 hadi 12, mlingoti mmoja, injini ndogo ya dizeli, watu wanne, na mkuku, yaani uti wa chini wa boti, unaoshuka mita 1.8 ndani ya maji. Mwenye mashua au jahazi atakuta mengi yanamhusu pia. Tofauti kubwa ni kwamba yeye anaweza kupwelewa mchangani kwa makusudi, akasubiri maji yarudi. Mwenye mkuku mrefu akipwelewa, boti inalala ubavu, na maji yakianza kujaa yanaweza kuingia kwa juu kabla haijasimama.

Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu na baada ya mwezi mwandamo. Katika bamvua kubwa tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo maji hupanda na kushuka kidogo, hushuka hadi mita moja hivi. Saa zake hazibadiliki ovyo: siku za bamvua maji hujaa pomoni karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Maji mafu ni kinyume chake, yanajaa karibu saa nne na kupwa karibu saa kumi. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mtu akitazama mwezi usiku tayari anajua kwa ukaribu kesho itakuwaje. Jedwali la maji ni la kupata dakika na sentimita, na lazima uwe nalo.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa tofauti ya siku hiyo kwa kumi na mbili. Saa ya kwanza yanapanda fungu moja, ya pili mafungu mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kwa tofauti ya mita 3.6, fungu moja ni sentimita 30. Maana yake saa ya tatu na ya nne bahari inapanda sentimita 90 kila saa, na huo ndio muda ambao mikondo ya milangoni, kwenye mapengo ya kupita kati ya miamba, huwa mikali kuliko wakati wote. Anayesema "bado maji yapo, yameanza kupwa sasa hivi tu" aikumbuke hesabu hii: saa mbili baadaye hali ni nyingine, na ya tatu humkuta juu ya mchanga.

Kuingia ndani ya miamba ni kazi ya macho. Jua liwe juu na nyuma yako, yaani kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Buluu iliyokolea ni kilindi. Kijani cha wazi ni mchanga wenye kina cha kupitika. Kijani kinachoelekea nyeupe ni mchanga ulio karibu sana. Rangi ya kahawia au ya manjano ni matumbawe yaliyokaribia uso wa maji, hapo geuka. Doa jeusi linaweza kuwa mwamba au majani ya bahari, na kwa mbali hutayatofautisha, kwa hiyo lichukulie kuwa ni mwamba. Kivuli cha wingu nacho hufanana na mwamba. Kitazame dakika mbili, kikisogea ni wingu. Mtu mmoja asimame omo, yaani mbele kabisa ya boti, apande mlingotini kama anaweza, avae miwani ya jua ya kupunguza mng'ao, na aonyeshe njia kwa mkono. Asipige kelele, kwa sababu mwenye usukani hamsikii, injini inanguruma. Mkono unaonyesha pa kwenda, kamwe hauonyeshi penye hatari. Wakubaliane hilo kabla ya kuanza.

Siku za bamvua mwambao huu unampa nahodha nafasi nzuri sana: maji yamepwa saa nne asubuhi, yanaanza kurudi, na saa sita hadi saa nane jua lipo utosini na bahari inapanda. Mafungu ya mchanga uliyoyaona wazi saa nne bado yako kichwani, na ukigusa chini maji yatakuinua. Siku za maji mafu saa hizo hizo bahari inapwa. Tofauti ni ndogo, lakini ukikwama unakwama mpaka jioni.

Mahali ambapo rangi haisaidii ni upande wa magharibi wa Mafia. Mto Rufiji unamwaga tope lake mkabala na kisiwa, na maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa, hasa baada ya mvua za masika. Hapo tegemea mashine ya kupima kina, na bildi iwe tayari mkononi, kamba yenye alama kila mita, kwa sababu mashine hufa. Upande wa mashariki maji ni maangavu, lakini mlango wa Kinasi, wa kuingilia Ghuba ya Chole, una mkondo mkali wakati wa bamvua. Maji yakitoka kwa nguvu huku upepo wa kusi ukisukuma mawimbi kuingia, mlango mzima hupasuka povu. Ingia maji yakiwa yanaanza kujaa au yamesimama. Ukishaingia uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995. Kuna ada ya kulipa, na nanga haitupwi juu ya matumbawe.

Sasa nanga yenyewe. Hapa ndipo watu wengi hupata hasara, na sababu karibu kila mara ni moja: wamepima kina cha saa hiyo badala ya kina cha maji yakijaa. Tuseme umefika saa nne asubuhi ya bamvua, kina ni mita 4. Saa kumi yatakuwa yamekaribia mita 8. Ongeza mita 1, urefu wa omo kutoka majini. Hizo ni 9. Kama amari yako, yaani mnyororo au kamba ya nanga, ni mnyororo mtupu, zidisha mara 5, toa mita 45. Kama ni mnyororo mfupi na kamba, zidisha mara 7, toa 63. Aliyehesabu kwa mita 4 akatoa 20, alasiri amari yake itakuwa mara mbili tu na kidogo ya hizo 9, nayo itakuwa imeinuka mno. Nanga hushika kwa kuvutwa kwa ulalo. Ikivutwa kwenda juu, inang'oka kama jembe. Hesabu ya kinyume nayo ni hatari. Umefika saa kumi jioni, kina ni mita 5, unaona panatosha. Toa 3.6, saa nne usiku zimebaki mita 1.4, na mkuku wako unataka 1.8.

Tafuta mchanga, doa lililo wazi lenye upana wa kutosha boti kuzunguka. Kwa mita 45 za mnyororo na boti ya mita 12, duara lako linakaribia mita 57 kila upande kutoka kwenye nanga, na mkondo ukigeuka usiku utalitembea lote. Simamisha boti ikitazama upepo au mkondo, ule wenye nguvu zaidi. Ianze kurudi nyuma yenyewe ndipo nanga iteremshwe, isirushwe, maana mnyororo ukiangukia juu ya nanga unaivaa na haishiki. Toa amari huku boti inarudi, polepole, mpaka utimize hesabu. Kisha funga, tia injini rivasi taratibu, ongeza hadi nusu ya nguvu yake, shikilia nusu dakika.

Wakati huo mtu wa omo aweke kiganja juu ya mnyororo. Nanga iliyoshika huufanya mnyororo ukaze na kutulia, kama kamba ya mbuzi aliyefungwa vizuri. Nanga inayoburura hutetemesha: unasikia kwenye kiganja mgugumio, kukwama, kuachia, kukwama tena. Ukiusikia huo usijiambie kwamba itashika baadaye. Pandisha, sogea, anza upya. Ikishashika, chukua alama mbili za nchi kavu zilizopangana, mnazi na paa la nyumba, mbele yako na ubavuni. Zitazame tena baada ya robo saa. Palipo na maji maangavu vaa miwani ya kuzamia ukaitazame nanga kwa macho. Dakika kumi za kuogelea zinaleta usingizi wa usiku mzima.

Pa kulala huchaguliwa kwa msimu. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba, na Juni hadi Agosti ndiyo kali. Wakati huo upande wa magharibi wa Unguja na Pemba una kivuli kizuri cha upepo, na ghuba za Pemba magharibi, kuanzia Mkoani hadi Wete, ni pa kulala kwa amani. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, nyepesi zaidi, lakini Nungwi inakuwa wazi kwa mawimbi. Kati ya misimu kuna maleleji, upepo hauna kwao, na ni wakati mzuri wa kurudi kusini kwa injini. Vimbunga ni nadra hapa, ila hutokea: Hidaya ilifika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, mwezi ambao wengi waliuhesabu kuwa nje ya hatari. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zisomwe kila siku, hata mbingu zikiwa safi. Meli ya MV Skagit ilizama karibu na Chumbe Julai 2012, siku ya upepo mkali, ikiwa kwenye njia inayopitwa na abiria kila siku ya Mungu. Jaketi okozi livaliwe kabla ya kutoka kwenye kivuli cha kisiwa.

Mkondo wa pwani unakwenda kaskazini mwaka mzima, na kusi huuongezea nguvu. Kati ya bara na Pemba kuna kilindi cha mamia ya mita, na mkondo wa maili mbili za baharini kwa saa ni wa kawaida. Wakati mwingine huzidi. Kutoka bara hadi Pemba ni kama kilomita 50, maili za baharini 27. Boti inayokwenda maili 5 kwa saa, ikielekeza omo moja kwa moja kisiwani, itasukumwa maili 11 kaskazini kabla haijafika. Kwa mkondo wa 2 na mwendo wa 5, elekeza omo nyuzi 24 kusini ya unakokwenda. Safari itachukua karibu saa sita badala ya tano na nusu. Bora hiyo nusu saa ya ziada kuliko kujikuta umepitiliza mlango na unaurudia kwa kubisha, yaani kwenda mshazari mshazari dhidi ya upepo, upepo na mkondo vyote vikiwa usoni.

Maji ya kunywa nayo yana hesabu yake. Mtu mmoja kwenye joto hili anahitaji lita 3 hadi 4 za kunywa. Ukijumlisha kupika na kusuuza, lita 7 kwa siku zinatosha watu wenye nidhamu. Watu wanne kwa siku saba ni lita 196. Ongeza theluthi kwa ajili ya upepo uliokataa, unapata 260 hivi, yaani madumu 13 ya lita 20. Usiyaweke yote kwenye tangi moja. Tangi likipasuka, au likiingia maji ya bahari kupitia mdomo wake wa juu ambao mpira wa kifuniko umechoka, umepoteza kila kitu kwa mara moja. Nusu iwe tangini, nusu kwenye madumu yaliyofungwa kwa kamba, chini na katikati ya chombo, yasije yakahama kwenye mawimbi.

Visima vya visiwa vidogo vionjwe kabla ya kujaza. Kiangazi kikiwa kirefu bahari hupenya chini kwa chini na maji ya kisima yanageuka ya magadi. Dumu la kwanza lionjwe na watu wawili. Uliza mwenye kisima kama wana ya kutosha wao wenyewe, na ulipe bila kubishana; maji hayo mara nyingi yamechotwa na mtu kwa mikono yake. Tia vidonge vya klorini kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, subiri nusu saa. Mvua za vuli na masika ni neema: tandaza turubai lenye mteremko, na dakika kumi za mwanzo yaache yamwagike, yanaosha chumvi na vumbi.

Bahari inasaidia sana kuyatunza maji hayo kama unajua mahali pake. Wali hupikwa kwa kikombe kimoja cha maji ya bahari na vikombe vinne vya maji baridi, yaani yasiyo ya bahari, bila chumvi nyingine. Ukitia zaidi ya hapo hauliki, kwa sababu mchele hunywa maji yote na chumvi yake. Viazi vya kuchemsha na maganda vinavumilia nusu kwa nusu. Chota nje, kamwe si bandarini wala karibu na mikoko yenye makazi. Vyombo vioshwe kwa maji ya bahari, visuuzwe kwa kikombe kimoja cha baridi. Sabuni ya mche haitoi povu kwenye maji ya chumvi, inaganda tu. Tumia ya maji ya kuoshea vyombo, hata kuogea, kisha jimiminie lita moja na nusu za baridi kwa kopo. Nguo usizifue kwa bahari kabisa. Chumvi iliyobaki kwenye uzi hunyonya unyevu wa hewa, na shuka hiyo haitakauka tena mpaka ifuliwe upya.

Chakula kinachodumu ni kile kile cha pwani: mchele, unga, nazi nzima, vitunguu, ndimu, papa mkavu, maharage. Maboksi yabaki gatini, mende hutaga kwenye mikunjo yake. Viazi na vitunguu vitengwe, vikikaa pamoja vinaozeshana.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hairuki, inashuka na kutulia kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, kama maji, ikisubiri cheche ya swichi. Mtungi ukae nje, ufungwe kwenye koki yake mwenyewe kila baada ya kupika, na viungio vya mpira vipakwe povu la sabuni kila wiki kutafuta mapovu.

Umeme tuupite haraka: betri za maji ya asidi zisishushwe chini ya nusu, paneli ya sola isiwekwe penye kivuli cha tanga, na friji ndiyo inayomaliza kila kitu. Wengi wa visiwani wanaishi chomboni bila friji na hawakosi kitu.

Dizeli inayouzwa kwa madumu hubeba maji na takataka. Iache itulie usiku kucha, mimina kupitia kitambaa kizito, na bakisha vidole viwili vya chini. Uchafu ukifika kwenye chujio injini huzima, na huzima wakati bahari imechafuka, kwa sababu ndipo tangi linapotikiswa na tope kuinuka. Ukibadilisha chujio, toa hewa: legeza skrubu ya juu ya chujio, piga pampu ndogo ya mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Injini ikiwaka, chungulia nyuma kama inatema maji. Isipotema, zima mara moja. Ama mdomo wa kunyonyea umezibwa na mfuko au majani, ama panga za mpira za pampu ya maji zimekatika. Beba seti mbili za akiba za panga hizo za mpira, na ukitoa iliyokatika tafuta vipande vyake vyote, maana kimoja kikibaki kwenye bomba kitaiziba tena.

Kila asubuhi, kabla ya chai, funua ngama. Weka alama ya rangi ubavuni ili ujue maji yake jana yalikuwa wapi. Yakiwa yamepanda, na hayana mafuta juu, chovya kidole, gusa ncha ya ulimi, tema. Yakiwa matamu, hujatobokwa: tangi linavuja au bomba la jikoni limelegea, na umepoteza maji ya kunywa, kapime tangi sasa hivi. Yakiwa ya chumvi, anza nyuma, pale mhimili wa panga la injini unapopita kwenye mwili wa boti; matone machache kwa dakika ni sawa kwa aina nyingi, mchirizi si sawa. Kisha nenda kwenye kila koki inayopita ubavuni, shika mpira wake, pindisha, tazama kama umepasuka chini ya kibano. Kando ya kila koki pawe na kigingi cha mti laini cha kuzibia tundu, kimefungwa kwa kamba, cha ukubwa wake, na nyundo ikae mahali pamoja, isihamishwe na mtu.